Uso uliopooza upande mmoja: kuutunza, kuunyoosha na kuurudisha taratibu

Kabla ya zoezi lolote, mwambie mgonjwa anyanyue nyusi zote mbili kama mtu anayeshangaa, kisha mtazame paji la uso. Likikunjamana sawasawa pande zote mbili huku mdomo umepinda, shuku ubongo kabla ya kushuku uso. Sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi mara nyingi huliacha paji likifanya kazi. Neva ya uso yenyewe ikizimika, nusu nzima hulegea: nyusi haipandi, jicho halifungi, mkunjo wa kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo unafutika, na pembe ya mdomo inashuka.

Kipimo hicho hakitoshi peke yake, maana viko viharusi vichache vinavyopooza nusu nzima ya uso. Kwa hiyo uliza pia: mkono au mguu umeishiwa nguvu? Maneno yanatoka yamevurugika? Anaona vitu viwili viwili, anayumba, au kichwa kimemuuma ghafla kwa namna asiyoizoea? Jibu la ndiyo hata moja linatosha kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe chakula, maji wala kidonge njiani, kwa sababu huenda kumeza nako kumeathirika.

Ikiwa ni uso tu, na umefika kilele chake ndani ya saa 72, uwezekano mkubwa ni kupooza kwa Bell, kulikopewa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji wa Scotland aliyeichambua neva ya uso mwaka 1821. Neva hii, ya 7 kati ya neva zinazotoka kwenye ubongo, hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba haina pa kutanukia, inajibana yenyewe. Virusi vya jamii ya herpesi ndivyo vinavyoshukiwa zaidi. Upepo wa dirisha la basi husingiziwa kila mahali kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na jini naye hutajwa, lakini hasara ya maelezo hayo ni moja tu na ni kubwa: yanakula siku 3 ambazo dawa ingefanya kazi.

Dawa yenyewe ni prednisoloni. Katika jaribio la Scotland lililochapishwa mwaka 2007, watu wazima walianzishwa miligramu 25 mara 2 kwa siku kwa siku 10, ndani ya saa 72 tangu dalili kuanza. Baada ya miezi 9, 94 kati ya 100 walikuwa wamerudi kawaida, dhidi ya 82 kati ya 100 wasioipata. Dozi ataandika daktari, usiinunue kwa kukisia duka la dawa muhimu. Dawa hii hupandisha sukari na shinikizo la damu, na mwenye vidonda vya tumbo, kifua kikuu au ujauzito anahitaji uamuzi wa pekee wa daktari. Omba upimwe sukari, shinikizo na VVU siku hiyo hiyo, kwa kuwa kisukari na VVU vyote vinahusiana na kupooza huku. Mwambie daktari aangalie ndani ya sikio pia. Malengelenge kwenye sikio au kaakaa, pamoja na maumivu makali, kizunguzungu au kupungua kwa usikivu, ni mkanda wa jeshi ulioshika neva ya uso. Huo unahitaji dawa ya virusi juu ya prednisoloni, na kupona kwake ni kugumu zaidi. Sikio linalotoa usaha nalo ni dharura ya daktari wa masikio.

Jicho, tangu siku ya kwanza

Shavu linaweza kusubiri miezi. Jicho lisilofunga linaweza kupata kidonda cha konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ndani ya siku chache, na kovu lake halifutiki. Mtu akiwa na muda wa jambo moja tu kwa siku, basi aache masaji na mazoezi yote, alitunze jicho.

Mchana tumia matone ya kulainisha, yale yanayoitwa machozi bandia, tone 1 kila baada ya saa 1 au 2. Ukitumia zaidi ya mara 6 kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi chenyewe huanza kuliunguza jicho. Katikati ya matone, lifunge jicho kwa ncha ya kidole kila baada ya dakika chache, hasa unaposoma au kutazama simu. Miwani, hata ya kawaida isiyo na nguvu, huzuia vumbi. Abiria wa bodaboda avae kofia ngumu yenye kioo na akishushe. Pangaboi lisielekezwe usoni. Anayepikia kuni au mkaa akae upande ambao moshi hauendi, au amwachie mwingine jiko kwa wiki hizo. Wala usitie maziwa ya mama, mkojo, asali au maji ya majani kwenye jicho hilo. Konea iliyokauka huchubuka upesi na kupata maambukizi. Matone yenye steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, nayo yasitumike bila daktari wa macho.

Usiku jicho hubaki wazi hata mgonjwa akiwa amelala fofofo, kwa hiyo hufungwa kwa plasta:

1. Nawa mikono. Futa kope na ngozi ya juu ya shavu kwa pamba na maji safi, kisha kausha kabisa. Ngozi yenye mafuta au jasho haishiki plasta, na hapo ndipo wengi hukwama.
2. Vuta kope la chini, weka uzi wa marhamu ya macho wa sentimita 1 ndani yake. Marhamu hutia ukungu, ndiyo maana ni ya usiku. Futa yaliyochuruzika nje.
3. Kata plasta laini ya karatasi, upana wa sentimita 1 na kitu, urefu wa sentimita 4 au 5. Kunja ncha moja kidogo ili asubuhi upate pa kushika.
4. Tazama chini, kuelekea magotini. Kope la juu litafuata lenyewe. Ukiwa bado unatazama chini, lishushe kwa kidole hadi liguse la chini.
5. Bandika plasta juu ya nywele za kope, ukianzia karibu na pua na kushuka mshazari hadi kwenye mfupa wa shavu upande wa nje.
6. Mtu mwingine amulike kwa tochi ya simu kutokea chini. Akiona mstari wowote mweupe, toa na urudie.

Watu wengi huweka kipande cha gozi juu ya jicho na kukifunga kwa bandeji. Chini ya gozi jicho hufunguka bila mwenyewe kujua, na gozi hukwangua konea usiku kucha. Kama huna plasta inayoshika, afadhali marhamu mengi peke yake kuliko gozi inayotembea. Kulala ukiwa umelalia upande uliopooza nako hakufai, mto hufanya kazi ile ile ya gozi.

Unapojaribu kufumba utaona mboni ikigeuka juu na weupe ukijitokeza. Usiogope, huo ni ulinzi wa asili, na asiyekuwa nao ndiye anayehitaji uangalizi mkali zaidi. Kinachopaswa kukupeleka kliniki ya macho siku hiyo hiyo ni uwekundu unaozidi, maumivu, kuogopa mwanga, kuona ukungu usioondoka, au doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho.

Kuna jambo jingine dogo ambalo husahauliwa. Msuli unaofungua kope hauko chini ya neva ya 7, kwa hiyo unaendelea kuvuta juu bila mpinzani, na baada ya wiki kadhaa hukakamaa. Kope likikakamaa, hata neva ikirudi jicho halifungi vizuri. Mara 3 kwa siku tazama chini, laza mgongo wa kidole cha shahada juu ya kope lililofungwa, na kwa mkono mwingine isukume nyusi juu polepole, ukitoka upande wa pua hadi upande wa nje. Shikilia sekunde 10 hadi 15. Halafu, bila kukaza, jaribu kukutanisha kope mbili kama mtu anayesinzia.

Wakati misuli haijibu kabisa

Hapa ndipo watu huharibu kwa bidii. Mgonjwa amesimama mbele ya kioo anajikaza, shingo imetoka mishipa, upande mzima, yaani usiopooza, unavuta uso wote kuelekea kwake, na upande uliopooza haujasogea hata kidogo. Alichokifanya ni kuutia nguvu upande ambao tayari unatawala. Neva iliyoharibika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na hakuna juhudi ya msuli inayoiharakisha.

Tafuna chingamu, watakwambia. Misuli ya kutafuna inaendeshwa na neva ya 5, ambayo haina tatizo lolote, kwa hiyo bigijii za siku nzima hazifundishi uso, zinachosha taya tu. Kupuliza puto ni kubaya zaidi, kwa sababu hukaza uso mzima kwa pamoja, na baadaye utaona kwa nini hilo ni hatari. Mashine za kushtua misuli kwa umeme zipo katika vyumba vingi vya mazoezi tiba na wagonjwa huzipenda kwa kuwa wanaona shavu likirukaruka. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakukuta ushahidi kwamba zinaleta nafuu ya maana. Ukiwa na fedha ya nauli na ya kliniki mara chache tu, itumie kwa mtaalamu atakayekufundisha mazoezi ya mbele ya kioo.

Kazi ya wiki hizi ni kuuweka uso laini na kuukumbusha ubongo kwamba upo. Fanya masaji dakika 5, asubuhi na jioni, kwa mafuta kidogo ya nazi au losheni, mbali na jicho. Kwa ncha za vidole viwili anzia kidevuni, zungusha miduara midogo kuelekea pembe ya mdomo, kisha panda na shavu hadi mbele ya sikio. Rudia mara 5. Kwenye paji, toka juu ya nyusi kwenda kwenye nywele. Nguvu iwe ya kusogeza ngozi juu ya mfupa bila kuiacha nyekundu. Upande mzima nao ufanyie, ila kinyume: kutoka mbele ya sikio kushuka kuelekea mdomoni, ili kuulegeza na kupunguza mvuto wake. Maliza kwa kuinua pembe ya mdomo iliyoshuka kwa kidole hadi ilingane na ya pili, funga macho, na ulifikirie tabasamu bila kulifanya. Inaonekana kama mchezo, lakini ni sehemu ya mafunzo.

Kula kuna taabu zake. Chakula hujikusanya kati ya shavu na fizi upande uliopooza, na kwa kuwa mate hupungua huko, meno huoza. Tonge liwe dogo, wali uwe na mchuzi, tafuna pande zote mbili, na baada ya kila mlo pitisha kidole au mswaki ndani ya shavu. Kunywa kwa kikombe chenye mdomo mwembamba huku ukibana pembe ya mdomo kwa kidole. Herufi za b, p, m, f na v hutoka vibaya kwa kuwa hudai midomo. Kwenye simu, inua pembe hiyo kwa kidole na useme polepole. Ladha kupotea sehemu ya mbele ya ulimi, na sauti kuumiza sikio la upande huo, ni matawi mengine ya neva ile ile. Hayana zoezi lake.

Misuli inapoanza kuitika

Katika uchunguzi wa miaka 25 uliofanyika Copenhagen kwa wagonjwa wasiopewa dawa, 85 kati ya 100 walianza kuona dalili ya kurudi ndani ya wiki 3, na takriban 71 walirudi kawaida kabisa. Wale ambao kupooza kwao hakukuwa kamili walipona karibu wote. Dalili ya kwanza mara nyingi si mwendo. Ni shavu kuacha kuning'inia, au mswaki kutomwaga tena povu.

Tangu hapo kioo kinaingia kazini, na kina sababu. Misuli ya uso imeshikamana na ngozi na takriban haina vile vipokezi vya mnyumbuko vinavyomwambia mtu goti lake limekunjwa kiasi gani hata akiwa gizani. Bila kuona, ubongo haujui pembe ya mdomo iko wapi. Bandika plasta nyembamba wima katikati ya kioo, au chora mstari kwa kipande cha sabuni. Keti, miguu ikanyage sakafu, mwanga utoke mbele yako, na mstari ukate pua yako katikati. Kama mabega yamepanda, yashushe kwanza.

Mwendo wa kufuata ni kipimo cha upande dhaifu, si cha upande mzima. Ikiwa upande dhaifu unaweza kutabasamu milimita 3, pande zote mbili zitatabasamu milimita 3. Weka kidole kwenye shavu zima kulizuia lisizidi. Panda polepole kwa kuhesabu hadi 3, shikilia 2 au 3, shuka polepole kwa hesabu ile ile, kisha pumzika hadi uso utulie kabisa. Kurudia mara 3 hadi 5 kunatosha kwa kila zoezi. Misuli hii ni myembamba na huchoka upesi; ya sita ikitoka mbovu kuliko ya tano, umeshapitiliza. Dakika 5 hadi 10, mara 2 kwa siku, basi.

Fuata mpangilio huu: inua nyusi, kunja pua kama mwenye kunusa kitu kilichochacha, fumba jicho kwa kutazama chini na kuacha kope lianguke, tabasamu mdomo ukiwa umefungwa, tabasamu ukionyesha meno ya mbele kidogo, chongoa midomo kama ya kusema "u", bana midomo taratibu kama ya kusema "m". Baada ya wiki moja au mbili ingiza maneno: "mama", "pumba", "vuvuzela", "babu". Zoezi ambalo halitoki kabisa liachie masaji, usilidai.

Piga picha 5 mara 1 kwa mwezi, mahali pamoja na mwanga ule ule: uso ukiwa umepumzika, nyusi juu, macho yamefumbwa polepole, tabasamu, midomo imechongolewa. Kumbukumbu ya mtu juu ya uso wake hudanganya, na mtaalamu wa fiziotherapia atakayekuona akiwa na picha hizo anaokoa nusu saa ya maswali. Zikionyesha hakuna badiliko lolote baada ya miezi 3 hadi 4, huenda si Bell. Rudi hospitali uombe uchunguzi mpya na kipimo cha picha ya ndani ya kichwa. Hivyo hivyo kwa kupooza kulikoingia polepole kwa wiki nyingi, kunakorudi upande ule ule, au kunakoshika pande zote mbili.

Jicho likifumba ukitabasamu

Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baadhi ya watu hufika kliniki wakilalamika kwamba uso umekuwa mgumu tena, kana kwamba unapooza upya. Mara nyingi haujapooza, umekaza. Nyuzi za neva zilizoota zimeingia kwenye misuli isiyo yake, kama nyumba iliyotandazwa nyaya vibaya, ukiwasha taa ya sebuleni inawaka ya jikoni. Mtu akitabasamu jicho linajifumba, akifumba jicho pembe ya mdomo inavutwa, akila anatokwa machozi. Hali hii huitwa sinkinesia, na dawa yake ni kinyume cha juhudi. Kuongeza mazoezi ya nguvu hapa ni kuifundisha njia mbovu iwe njia kuu, na ndiyo sababu ya kulikataa puto tangu mwanzo.

Anza na kunyoosha. Nawa mikono, kata kucha. Ingiza dole gumba la mkono wa upande mwingine ndani ya shavu lililokaza, vidole vikae nje, papasa utafute kamba ngumu, kwa kawaida inatoka mfupa wa shavu kushuka kwenye pembe ya mdomo. Ibane taratibu na uivute kuelekea mdomoni na chini kidogo kwa sekunde 20 hadi 30. Iachie, tafuta nyingine. Mara 2 hadi 3 kwa siku, hasa kabla ya kioo. Shingo ya upande huo nayo hukaza. Inue kidevu, ivute ngozi juu ya mtulinga kwenda chini, shikilia muda huo huo.

Kisha rudi kioo, mwendo uwe mdogo kuliko uliouzoea. Tabasamu polepole mpaka uone jicho linaanza kusinyaa, simama hapo hapo, rudi nyuma kidogo hadi jicho lifunguke, na ubaki hapo sekunde 3 ukiliwazia jicho wazi. Mpaka huo ndio unaousogeza, nusu milimita baada ya nusu milimita, kwa miezi. Wenye papara hawafanikiwi hapa. Ikibaki shida kubwa, sindano za botulinumu, dawa inayolegeza msuli kwa muda, kwenye misuli inayofuata bila kutumwa huipunguza kwa takriban miezi 3 au 4, na kipindi hicho ndicho cha kuongeza bidii ya kioo, maana sindano bila mafunzo huisha na kumrudisha mtu alipokuwa.

Mtoto

Mtoto mchanga aliyezaliwa kwa koleo, au aliyebanwa kwenye nyonga ya mama, anaweza kuzaliwa na uso umelala upande mmoja. Mtazame akilia: mdomo unavutwa upande mzima, na jicho la upande mwingine halifumbi. Walio wengi hupona wenyewe katika wiki au miezi michache. Mama amsaidie kunyonya kwa kutegemeza titi kwa kiganja, huku kidole gumba na cha shahada vikishika mashavu ya mtoto kwa umbo la U ili midomo izibe vizuri. Ikiwa macho yote mawili yanafumba sawa na kitu pekee kilichopinda ni mdomo wa chini anapolia, huenda ni msuli mmoja mdogo wa mdomo ambao haukuota, na hapo daktari asikilize moyo pia, kwa kuwa hali hizo mbili wakati mwingine huandamana. Mtoto asiyeonyesha sura yoyote pande zote mbili tangu kuzaliwa, tena macho hayageuki kwenda pembeni, anaweza kuwa na ugonjwa wa Möbius. Kwake hakuna neva inayorudi, kwa hiyo mazoezi ya kuirudisha yatamchosha bure. Nguvu ielekezwe kwenye kula, matamshi, na baadaye ushauri wa upasuaji wa tabasamu.

Mtoto mkubwa aliyepooza ghafla apimwe shinikizo la damu, jambo linalosahauliwa mno kwa watoto, na masikio yaangaliwe. Aliye chini ya miaka 2 achunguzwe kwa kina zaidi. Habari njema ni kwamba watoto hupona kuliko watu wazima. Jaribio la Australia na New Zealand lililochapishwa mwaka 2022 halikuona prednisoloni ikiongeza kwa uhakika idadi ya waliopona baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 karibu wote walikuwa wamepona kwa vyovyote. Jicho lake lilindwe kama la mtu mzima isipokuwa jambo moja: usilizibe mchana kutwa. Jicho la mtoto mdogo lisilotumika husahauliwa na ubongo na uoni wake hudhoofika. Matone mchana, plasta wakati wa kulala tu.

Mazoezi ya kioo huanza kueleweka kuanzia miaka 4 au 5. Kabla ya hapo, masaji ya mzazi wakati wa kupakwa mafuta inatosha. Akishaelewa, fanya mchezo: busu la kimya, sura ya paka anayesinzia, kusukuma kipande cha pamba mezani kwa pumzi ndogo ya mrija. Dakika 3 zikitosha, zimetosha. Akianza kukunja uso mzima ili kumfurahisha bibi, simamisha.

Wazazi wengine huleta mtoto anayetokwa udenda, mdomo wazi, wakidhani uso umepooza, kumbe ni mtindio wa ubongo. Angalia mikono. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 anayependelea mkono mmoja waziwazi, au anayeuacha mmoja umekunja ngumi muda wote, apelekwe kwa wataalamu wa maendeleo ya watoto bila kusubiri. Kwa huyu masaji ya shavu haitafunga mdomo, kwa sababu udhibiti wa mdomo unaanzia kiwiliwili. Mkalishe kwanza: nyonga na magoti yamekunjwa pembe mraba, miguu imekanyaga, mgongo umeegemea, kidevu kimeshuka kidogo. Kichwa kikirushwa nyuma, mdomo hufunguka na chakula huingia njia ya hewa, kwa hiyo usimlishe amelala mapajani akitazama dari.

Ukiwa umekaa mbele yake, tegemeza taya: dole gumba juu ya kidevu chini ya mdomo, cha shahada kwenye kiungo cha taya karibu na sikio, cha kati chini ya kidevu. Shika imara bila kuminya. Kijiko kiwe bapa na kifupi, na uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Kiingize usawa wa mdomo, gandamiza katikati ya ulimi kidogo, subiri mdomo wa juu ushuke wenyewe, kisha ukitoe moja kwa moja. Ukikikwangua kwenye meno ya juu unakifanyia mdomo kazi yake, nao hautajifunza. Udenda uukaushe kwa kugandamiza kitambaa juu ya mdomo na chini ya kidevu, usiburute, maana kuburuta kila dakika huamsha mate zaidi na kuichubua ngozi. Akikohoa kila mlo, akilowa jasho anapokula au akipata homa za kifua mara kwa mara, acha kumlisha kwa mtindo huo hadi aonwe na mtaalamu wa kumeza. Chakula huenda kinaingia kwenye mapafu.